Thalamasi, na mkono wa bibi

Jumatano, saa sita kasoro usiku. Umeme umerudi sasa hivi, feni inalia kama mgonjwa, na mwenzangu wa chumbani keshalala na daftari kifuani. Samahanini sana wasomaji wangu kwa kuadimika. Wiki tatu sijaandika kitu. Wapo walioniuliza kama nimedisko. Hapana jamani, bado nipo, ila somo la ubongo limenishika shati na mengine nitakayowaeleza humu ndiyo yalininyamazisha kabisa.

Nianze na aibu yangu. Kwenye jaribio la pili kulikuwa na swali la alama kumi: eleza thalamasi ilivyopangwa na inavyounganishwa na gamba la ubongo. Mie nikacheka moyoni. Swali hilo lipo kwenye desa, lile tulilorithi kutoka kwa waliotutangulia, ambao nao walirithi kwa wengine. Desa linasema hivi: thalamasi ni stendi kuu. Habari zote kutoka mwilini zinashuka pale, zinabadilisha gari, zinapanda kwenda kwenye gamba. Basi. Nikaijaza kurasa mbili, nikachora na mishale, yote inaelekea juu.

Nilipata tatu. Tatu kwa kumi! Na chini ya mchoro dokta akaandika kwa wino mwekundu, tena kwa Kiswahili (ana tabia hiyo akikasirika): "Na vinavyorudi je?"

Nilikasirika siku mbili. Siku ya tatu nikaenda maktaba kutafuta hivyo vinavyorudi, na huko ndiko nilikomkuta bibi yangu. Nisikilizeni taratibu, nitafika.

Bibi mzaa baba anakaa Tanga. Ndiye aliyenilea mpaka darasa la nne, na mpaka leo ananiita mume wangu kama mabibi wa kwetu wanavyowatania wajukuu wa kiume. Mwaka juzi aliamka alfajiri akakuta upande wote wa kushoto, uso, mkono na mguu, umekufa ganzi. Mdomo haukupinda, aliongea vizuri, alitembea kwa kuyumba kidogo tu. Wakasema ni kiharusi kidogo, akapewa dawa za presha, na baada ya wiki chache akawa anakwenda uani mwenyewe. Tukasema alhamdulillah, yamepita.

Miezi kama minne baadaye mkono ukaanza kuwaka. Maneno yake mwenyewe: "kama nimepakwa pilipili halafu nikaanikwa juani." Kanga ikimgusa anaruka. Maji ya baridi hayawezi, udhu mpaka apashiwe maji. Upepo wa feni unamchoma. Bibi alikuwa msusi wa ukili, mikeka yake imekaliwa kwenye arusi nyingi tu pale mtaani, na sasa bunda la miyaa likawa limekaa pembeni ya kitanda linaota vumbi. Hospitali moja waliyompeleka (sitaitaja) walimpa dawa ya kuchua na vidonge vya kawaida vya maumivu. Havikusaidia kitu. Mkono ukitazamwa hauna kidonda, hauna uvimbe, hauna hata wekundu. Jirani mmoja akaleta habari za jini. Shangazi yangu, ambaye kusema kweli ndiye anayemhudumia usiku na mchana, akachoka akasema, "Mama anataka tukae naye tu."

Na mimi je? Hapa ndipo ninapoona haya. Likizo iliyopita nilikwenda, mwanafunzi wa udaktari na koti langu jeupe kwenye begi. Bibi akanyoosha mkono akaniambia, "Mume wangu, wewe si ndiye daktari wetu? Hebu nitazame." Nikautazama mbele na nyuma, nikaubonyeza (akauma meno), nikamwambia kwa sauti ya kidaktari kabisa: "Bibi, huna kitu hapa. Ni mawazo tu. Usiufikirie." Akasema, "Haya, mume wangu." Akaurudisha pajani. Hakunilalamikia tena mpaka naondoka.

Haya, turudi kwenye thalamasi.

Jina lenyewe ni la Kigiriki, thalamos, maana yake chumba cha ndani, kile cha kulala, chumba cha bibi arusi. Nilipenda sana hapo. Sisi watu wa pwani tunaijua nyumba: kuna baraza, hapo kila mtu anakaa. Kuna ukumbi, hapo anaingia anayejulikana. Halafu kuna ndani. Ubongo nao una ndani yake. Ukiukata katikati utaviona vitu viwili mfano wa mayai madogo, kimoja kulia kimoja kushoto, kila kimoja kama sentimita 3 kwa urefu, vimekaa juu ya shina la ubongo, katikati kabisa. Gamba la ubongo, ile sehemu ya mikunjo mnayoiona kwenye picha, ndilo linalofikiri, linaloona na linaloamuru mikono. Lakini karibu hakuna habari ya mwili inayolifikia bila kupita chumba cha ndani. Harufu peke yake ndiyo ina mlango wa pembeni, inafika kwenye gamba bila kusimama pale kwanza.

Hicho chumba si ukumbi mtupu. Kimegawanywa kwa viini, yaani mafungu ya seli za neva, hamsini hivi ukihesabu vidogo na vikubwa, na kila kiini kina eneo lake kwenye gamba. Kiini cha macho tunakiita cha goti la nje, kwa sababu umbo lake limepinda kama goti, na kinapeleka habari kisogoni kwenye eneo la kuona. Jirani yake, goti la ndani, ni cha masikio. Kiini kimoja cha mbele na upande kinapokea kutoka ubongo mdogo na viini vya chini vya ubongo, kinapeleka kwenye eneo linaloendesha misuli. Kuna kingine tunachokiita MD (si digrii yangu, hiyo bado haijaja) ambacho kinaongea na sehemu ya mbele ya gamba, nyuma ya paji la uso, kule kwenye kupanga na kuamua. Na cha hisia za mwili tunakiita kwa herufi tu, VPL. Kikumbukeni hicho.

Mpangilio huu tunaujua kwa sababu ya wanyama wa jamii yetu, yaani primati. Mwaka 1938 Earl Walker alichapisha Chicago kitabu kizima juu ya thalamasi ya primati. Njia ya enzi hizo ilikuwa hivi: unaondoa kipande cha gamba kwa mnyama, unasubiri, halafu unaangalia kwenye hadubini ni seli zipi za thalamasi zimekufa kwa kukosa kule zilikokuwa zikipeleka nyuzi zao. Kuanzia miaka ya 1970 wakapata njia nyepesi, unachoma kimeng'enya kilichotolewa kwenye mzizi wa mmea, ncha za nyuzi zinakinywa, kinasafiri kurudi nyuma mpaka kwenye seli mama, ukipaka rangi unaiona. Mnyama aliyetumika zaidi ni makaki, kima wa Asia. Lakini na komba wetu yumo! Ndiyo, komba huyuhuyu wa kwenye minazi, yule anayelia usiku kama mtoto na kuwaibia wagema tembo lao. Maabara za Vanderbilt kule Marekani, ya Vivien Casagrande na ya Jon Kaas, zilimsoma komba wa pwani ya Afrika Mashariki kwa miaka mingi. Mie nimekulia Tanga nikimrushia mawe, kumbe wenzetu wanamwandikia majarida.

Goti la nje la makaki lina matabaka 6 yamepangwa kama chapati. Mawili ya chini yana seli kubwa, manne ya juu yana seli ndogo. Tabaka la 1, la 4 na la 6 yanapokea kutoka jicho la upande wa pili, la 2, la 3 na la 5 kutoka jicho la upande uleule. Habari za macho mawili zinapita zimelaliana lakini hazichanganywi mpaka zifike kwenye gamba. Katikati ya chapati hizo kuna seli ndogo sana, kama unga ulionyunyizwa, ambazo watu waliziona kama takataka kwa muda mrefu. Kwa komba seli hizo zimekusanyika zikafanya matabaka yao mawili kamili, ndiyo maana Casagrande aliweza kuzifuatilia vizuri. Kumbe zina njia yao. Zile kubwa na ndogo zinapanda kwenye tabaka la 4 la gamba (gamba nalo lina matabaka 6), hizi za unga zinapita moja kwa moja kwenda matabaka ya juu.

Mpaka hapo desa langu lilikuwa halijakosea sana. Stendi, magari, majukwaa. Sasa ndio swali la wino mwekundu.

Watu walikaa wakahesabu, kwa wanyama, sinapsi zote zinazotua juu ya zile seli za goti la nje zinazopeleka habari kwenye gamba. Ungetegemea nyingi zitoke jichoni, si ndiyo kazi yake? Zinazotoka jichoni ni asilimia 5 hadi 10 tu. Nilisoma sentensi hiyo mara tatu nikidhani macho yangu ndiyo yana kasoro. Zilizobaki zinatoka kwenye shina la ubongo, kwenye seli za hapohapo zinazofanya kazi ya breki, na karibu theluthi nzima inatoka kwenye gamba lenyewe. Yaani gamba ambalo nililichora kama bosi anayesubiri barua, linatuma nyuzi kurudi chini, kutoka tabaka lake la 6, kwenda kwenye kiini kilekile kilicholiandikia. Stendi gani hiyo, ambayo magari yanayotoka mjini ni mengi kuliko yanayoingia?

Murray Sherman na Ray Guillery walilieleza jambo hili vizuri kuliko wote niliowasoma. Wanasema msihesabu nyuzi tu, angalieni kila moja inafanya nini. Zile chache za jichoni ni madereva, zinabeba habari yenyewe. Zile nyingi za gamba na za shina la ubongo ni warekebishaji, zinaongeza sauti, zinapunguza, zinafungua mlango na kufunga. Na kuna tandiko jembamba la seli limeizunguka thalamasi pembeni kama chandarua, linaitwa kiini cha wavu. Hilo halipeleki kitu kwenye gamba kabisa. Nyuzi zinazopanda na kushuka zinalitoboa, na nyingi zikipita zinaacha tawi, nalo linajibu kwa kuzuia seli za ndani. Francis Crick, yuleyule wa DNA, mwaka 1984 alitoa wazo kwamba hapo ndipo kurunzi ya umakini inapoelekezwa.

Halafu kuna jambo la pili, kubwa zaidi kwa sisi primati. Kiini kikubwa kuliko vyote kwenye thalamasi yetu kipo nyuma, kinaitwa pulvina. Kwa Kilatini ni kiti chenye mto. (Chumba cha ndani, na mto wake! Waliotoa majina haya walikuwa na usingizi.) Hicho madereva wake wengi hawatoki jichoni wala ngozini. Wanatoka tabaka la 5 la gamba. Kwa hiyo eneo moja la gamba likitaka kuzungumza na eneo jingine, pamoja na njia ya moja kwa moja, kuna barua nyingine inashuka ndani, inapita kwenye pulvina, inapanda upande wa pili. Na nyuzi hizohizo za tabaka la 5 mara nyingi zina tawi linaloshuka chini zaidi, kwenye vituo vinavyoendesha mwili. Guillery alilikazania sana hilo: thalamasi inapata nakala ya amri inayokwenda kwenye misuli. Mwaka 2012 kundi la Sabine Kastner kule Princeton lilirekodi pulvina ya makaki waliofundishwa kuangalia sehemu fulani ya kioo, wakaona kwamba mnyama akiweka umakini, pulvina inayafanya maeneo mawili ya gamba yapige kwa mdundo mmoja. Na mwaka 2020 kule Wisconsin waliichokoa kwa umeme sehemu ya kati ya thalamasi ya makaki waliolazwa kwa nusu kaputi, mapigo 50 kwa sekunde. Dawa bado inaingia, na mnyama akafumbua macho.

Kwa hiyo jibu la dokta ni hili: ndani si mahali pa kupita tu. Ni mahali ambapo gamba linarudi kuulizia lilichoambiwa, mara nyingi kuliko linavyoambiwa. Mazungumzo hayo yanaendelea hata kama mwilini hakuna anayesema kitu.

Nilipofika kwenye VPL nikakaa kimya. Humo mwili umepangwa kama ramani, mguu upande wa nje, mkono unaufuata kuelekea ndani, na uso uko kwenye kiini cha jirani, ndani kabisa. Njia zinavuka, upande wa kushoto wa mwili uko thalamasi ya kulia. Kiganja kimepewa nafasi kubwa kupita ukubwa wake, kwa sababu primati tunaishi kwa mikono. Uso, mkono na mguu wa upande mmoja, vyote vikifa ganzi kwa pamoja bila misuli kulegea sana... kuna sehemu chache sana kwenye ubongo zenye vyote hivyo karibu karibu namna hiyo. Nikafungua ukurasa unaofuata. Dejerine na Roussy, Paris, mwaka 1906: mgonjwa wa kiharusi cha thalamasi, ganzi upande mmoja, udhaifu mdogo unaopita, na baada ya muda maumivu makali upande uleule ambayo dawa za kawaida haziyagusi.

Jamani. Mwaka 1906. Mie nilimwambia ni mawazo tu.

Niliondoka maktaba bila hata kukusanya vitu vyangu vyote. Nikamfuata dokta ofisini, nikidhani atanifukuza maana nilikuwa na lawama za alama tatu. Akanisikiliza mpaka mwisho, akauliza maswali manne tu, halafu akaandika jina la kliniki ya neva kwenye karatasi. "Mlete," akasema. "Na wewe uje uone."

Tukachangishana kwenye grupu la familia, boom langu nalo likaingia humo (mama ntilie wa pale getini anisamehe, deni nalijua). Bibi akaja na shangazi kwa basi la asubuhi. Shangazi ananiambia njia nzima aliushikilia ule mkono juu ya paja bila kuuegemeza popote, maana kiyoyozi kilikuwa kinampulizia.

Kliniki nilisimama kwenye kona. Daktari alimsalimia, "Shikamoo mama," akakaa chini kidogo kuliko yeye, akamwomba afumbe macho. Akamwekea sarafu mkono wa kulia. "Shilingi," bibi akasema. Akamwekea ufunguo. "Ufunguo." Akahamia kushoto. Sarafu. Kimya. Ufunguo. Kimya. "Umeniwekea kitu?" bibi akauliza. Halafu daktari akachukua pamba, pamba tupu, akaipitisha kwenye kiganja hichohicho. Bibi akaruka kitini.

Mkono usiojua ufunguo, lakini unachomwa na pamba. Shangazi alinitazama. Nadhani tulikuwa tunafikiri kitu kimoja, na wote wawili tulitamani tuwe mahali pengine.

Picha ya CT ikaonyesha kovu dogo jeusi, dogo mno, thalamasi ya kulia, upande wa nyuma. Nimesoma kuhusu viini hamsini na nyuzi zake zote, halafu naonyeshwa kidoa cha ukubwa wa punje ya dengu ambacho kimemnyang'anya mtu usingizi mwaka mzima.

Sasa kwa nini kiini kikiungua mtu asihisi ganzi tu, mbona na maumivu juu? Wataalamu wana maelezo zaidi ya moja, lakini lipo moja lililonikaa. Kwenye VPL ya makaki kuna seli za aina mbili zimechanganyika. Aina ya kwanza inapokea mguso ulio wazi na inapeleka matabaka ya kati ya gamba, kila seli na anwani yake. Aina ya pili ndiyo inayopokea njia za maumivu na joto kutoka uti wa mgongo, na inasambaza matabaka ya juu, kwa upana. Edward Jones na wenzake mwaka 1992 walichunguza makaki ambao neva za hisia za mkono zilikuwa zimekatwa zaidi ya miaka kumi kabla. Wakakuta dalili za ile aina ya mguso zimefifia, dalili za ile ya maumivu zimepanda, na vipokezi vya breki vimepungua. Yaani mguso ukinyamaza, chumba hakinyamazi. Kinabaki na msemaji mmoja, na aliyekuwa akimtuliza hana nguvu tena. Na gamba huku juu linaendelea kuuliza, kuuliza, na jibu linalorudi ni moto.

Hao makaki wana historia yao nzito. Ni wale wa maabara ya Silver Spring, Maryland, ambayo polisi waliivamia mwaka 1981 kwa sababu ya hali waliyokuwa wakiishi wanyama wale, na kesi yao ikavuma Marekani yote. Sina la kusema zuri juu ya ilivyokuwa. Ninachojua ni kwamba niliyoyasoma kwa ajili ya bibi yametoka kwenye mikono yao, na sitaki kuandika habari hii kana kwamba niliikuta imeandikwa ukutani.

Jioni ile tukiwa nyumbani kwa mjomba nikakaa naye kitandani. Nikamwambia, bibi, ndani ya kichwa kuna chumba. Habari za mkono wako zikitaka kufika kwenye akili lazima zipite humo. Ile alfajiri ya ganzi, kona moja ya chumba iliungua. Mkono wenyewe ni mzima, ndiyo maana kila anayeutazama haoni kitu. Kinachowaka kipo ndani.

Akafikiri. Akauliza, "Kwa hiyo maumivu yapo?"

"Yapo bibi. Ya kweli kabisa."

"Na picha yake mmeiona?"

"Tumeiona."

Akageuka kwa shangazi, hakusema kitu. Shangazi akainama akaanza kukunja kanga ambayo ilikuwa imeshakunjwa. Mie nikamwomba radhi kwa yale niliyomwambia likizo. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno mengi, akanikata. "Ulikuwa hujafika huo ukurasa, mume wangu."

Amepewa amitriptilini, kidogo kidogo, usiku. Sitawadanganya kwamba amepona. Daktari alituambia mapema kwamba maumivu ya aina hii hupunguzwa, si aghalabu kung'olewa, na dawa yenyewe inamkausha mdomo mpaka anatembea na kikombe cha maji. Lakini analala. Shangazi ananiambia jana amelala mpaka alfajiri bila kuamka, na kwamba siku hizi yeye mwenyewe ndiye anayempashia maji ya udhu kabla hajaombwa. Miyaa bado iko pale pembeni. Hajaigusa, na sijui kama ataigusa tena. Mkono usioona kilichomo kiganjani hauwezi kusuka kirahisi, hata ukiacha kuwaka.

Mtihani wa mwisho ni Jumatatu. Lile desa nimelirekebisha. Kwenye ukurasa wa thalamasi nimeifuta stendi, nimechora mishale mipya inayoshuka, mingi kuliko inayopanda, na pembeni nimeandika kwa wino mwekundu swali la dokta ili watakaolirithi wasipate tatu kama mimi. Mwenzangu wa chumbani ameutazama mchoro akasema umevurugika. Nikamwambia ndivyo ulivyo.

Kama nyumbani kwenu kuna mtu aliyepata kiharusi, akapona, halafu miezi baadaye akaanza kusema upande mmoja unawaka na hamwoni kitu, msimwambie nilichomwambia bibi. Mpelekeni kwa daktari wa neva, na mtajeni huyo kiharusi hata kama mlidhani kimepita.

Umeme unayumbayumba tena. Nihifadhi hii kabla haujakatika. Niombeeni Jumatatu, na usiku mwema.